Sherehe ya Tunu Bila Tunu

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, wakubwa kule nyuma, mbona mnaitikia kwa kunong'ona? Leo nataka nyinyi mnisikie kuliko watoto. Watoto hadithi hii wanaijua, imeshawapata. Paukwa tena!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majirani na majirani walipokuwa na midomo, aliishi Bi Digidigi na mwanawe wa pekee, Tunu. Digidigi mnamjua? Yule swala mdogo kuliko wote, miguu myembamba, macho makubwa. Waliishi nyikani, wawili tu.

Tunu alikuwa mkimya. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na kiburi. Alikuwa mkimya tu. Akisalimiwa, anaitikia kwa sauti ndogo. Akiona kundi, anasimama pembeni. Rafiki yake alikuwa mmoja, mtoto wa Konokono, naye Konokono si mtu wa maneno. Wawili hao walikaa kwenye kichuguu tangu asubuhi, wakitazama sisimizi wanavyopita, na jioni waliagana wakiwa wamefurahi kabisa.

Tunu hakuwa na desturi ya kuomba kitu. Apewe, asipewe, kwake sawa. Basi siku moja akamfuata mama yake.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Siku yangu ya kuzaliwa inakaribia. Naomba tule kunazi pale kwenye kichuguu. Mimi na wewe na Konokono. Basi."

Moyo wa Bi Digidigi ukaruka kwa furaha. Mtoto asiyeomba ameomba! Akamwambia, "Nakuahidi, mwanangu. Sisi watatu na kunazi. Basi."

Mmeisikia ahadi? Mmeisikia. Mtoto hakutaka dunia. Alitaka kunazi, vile vitunda vya porini.

Kesho yake Bi Digidigi akaenda mtoni kuchota maji. Nani yuko mtoni? Bi Kanga! Bi Kanga wa madoadoa, mwenyekiti wa kila shughuli nyikani. Harusi yumo, msiba yumo, na asipoitwa anajiita.

"Shoga," akasema Kanga, "mbona unatabasamu peke yako?"

"Tunu wangu anaongeza mwaka. Tutakula kunazi kidogo kichuguuni."

"Kunazi kidogo?" Kanga akashtuka kama aliyeletewa habari za msiba. "Mtoto mwenyewe huyo huyo mmoja, halafu umpeleke kichuguuni kama mnajificha? Watu watasemaje? Hapana, shoga. Tuachie sisi. Ni kwa ajili ya mtoto!"

Bi Digidigi akafungua mdomo aseme hapana. Hapana ikagoma kutoka. Ikatoka "sawa."

Sasa hapo ndipo ninapoudhika mimi. Sawa ya nini? Mtoto umemwahidi, jirani hukumwahidi kitu. Lakini ndivyo tulivyo. Jirani akikunja uso tunatetemeka, mtoto akikunja uso tunamwambia aache kununa.

Kanga akaunda kamati, kamati ikakaa. Kwarakwara, kwarakwara, makanga yanapiga kelele tangu asubuhi. Kanga akasema lazima pawe na sare. Sare gani? Madoadoa! Kila mgeni ajipake madoa ya majivu, mkubwa kwa mdogo, sherehe ipendeze. Tena madoa ya nani? Ya Kanga mwenyewe! Bi Digidigi akasema kwa sauti ndogo, "Tunu hapendi kupakwa majivu, yanamwasha." Kanga akamjibu, "Shoga, ni kwa ajili ya mtoto!"

Mtoto gani? Mtoto hajaulizwa!

Ndege Hondohondo akaletwa awe mshereheshaji, maana mdomo anao na sauti anayo. Ho-ho-hondo! Ho-ho-hondo! Akianza kusema, majani yanapukutika. Bi Digidigi akasema, "Tunu anaogopa kelele." Hondohondo akacheka. "Atazoea, mama. Ni kwa ajili ya mtoto!"

Kisha wakasema shughuli bila mgeni rasmi si shughuli. Wakamwalika Mheshimiwa Kiboko. Kiboko hajawahi kumwona Tunu hata kwa mbali. Akakubali kuja, kwa sharti kwamba mtu asiguse chakula kabla yeye hajafika. Kamati yote ikaitikia, "Ni kwa ajili ya mtoto!"

Siku ikafika. Uwanja umefagiwa, majamvi yametandikwa, mkate mkubwa wa asali uko mezani. Kunazi nazo zipo, bakuli zima, lakini wameziweka meza kuu, mbele ya kiti cha Kiboko. Tunu akapakwa majivu, mwili mzima madoa. Watoto wote wakapakwa, wa Ngiri, wa Nyani, wa Kima. Ukitazama kundi la watoto unaona madoa matupu, hujui huyu wa nani na yule wa nani.

Tunu akakalishwa meza kuu, kwenye kiti kirefu. Miguu inaning'inia. Majivu yanamwasha. Jua linapanda, Kiboko hajaja. Kunazi ziko pale, anaziona, haruhusiwi kugusa. Hondohondo anapiga kelele sikioni mwake, "Makofi kwa mwenyekiti wetu! Makofi kwa kamati! Makofi kwa mgeni rasmi ambaye yuko njiani!" Pa-pa-pa, wanapiga makofi. Kwa mtoto? Thubutu! Hakuna aliyempigia.

Tunu akatazama njiani. Alikuwa anamngoja mtu mmoja tu.

Naye akaja. Polepole, polepole, mtoto wa Konokono akatokea ukingoni mwa uwanja, kajipaka doa moja juu ya gamba, na doa lenyewe limepinda. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Akataka kupanda jamvini. Kanga akamrukia.

"Wewe! Wapi hapo? Utatuchafulia jamvi na ute wako. Mgeni rasmi apite juu ya ute?"

"Nimekuja kwa Tunu," akasema Konokono.

"Tunu yuko na wageni wa maana. Rudi kwenu."

Konokono akarudisha pembe zake ndani. Akageuka. Polepole, polepole, akaanza kurudi.

Tunu akayaona yote. Akamvuta mama yake. "Mama, wamemfukuza Konokono."

Bi Digidigi akatazama meza. Akamtazama Kanga, akawatazama wageni. Akanong'ona, "Vumilia kidogo, mwanangu. Watu wanatutazama."

Mama huyo! Ningekuwepo ningemfinya! Mtoto amesema neno moja tangu asubuhi, na hilo ndilo jibu lake?

Tunu hakulia. Akateleza kitini, akapita chini ya meza, akapita katikati ya miguu ya wageni, akatoka. Nani alimwona? Hakuna. Watu mia wamekuja kumsherehekea, akapita mbele yao, wasimwone.

Mara, bwaaa! Kiboko huyo! Maji yanamchuruzika, jamvi lote limelowa tope. Kanga alisemaje? Alipiga vigelegele! Ute wa mtoto unachafua, tope la mheshimiwa ni heshima. Kiboko akaketi, akatia kunazi kinywani, nyam!

"Ho-ho-hondo! Itifaki imezingatiwa!" akasema Hondohondo. "Sasa tumwite mtoto wetu mpenzi, mtoto wetu wa leo, tummwagie maji!"

Kiti kitupu. Hondohondo akatazama huku, akatazama kule. Akaona mtoto mmoja ana madoa, anachezea makombo. Akamnyakua shingoni, akamsimamisha juu ya meza. Alikuwa mtoto wa Ngiri! Pua bapa, nywele zimesimama mgongoni. Hata kipofu angempapasa akajua huyu si digidigi.

Wakaanza kuimba. Wakammwagia maji, mwaaa! Mtoto wa Ngiri na maji na matope? Alichekelea mpaka akalala chali. Wageni wakashangilia, "Mtazameni Tunu anavyofurahi!" Kiboko akasimama na kutoa hotuba. "Mtoto huyu namfahamu siku nyingi," akasema. "Amefanana na mama yake kabisa."

Bi Digidigi akasema, "Huyo si mwanangu."

Makofi, pa-pa-pa. Hakuna aliyesikia.

Akasema kwa nguvu kidogo, "Jamani, huyo si mwanangu."

Kanga akamwinamia sikioni. "Najua, shoga. Lakini usituharibie shughuli. Mtoto si mtoto tu? Tumalize na huyu, wako tutamfanyia mwakani."

Mmesikia wenyewe! Mtoto si mtoto tu!

Basi Bi Digidigi, yule wa "sawa," akahisi kitu kinapanda kutoka kwenye kwato, kinapita magotini, kinapita tumboni, kinafika kooni. Akapanda juu ya meza kuu, kwato katikati ya mkate wa asali. Akapiga kelele ambayo nyika haijawahi kuisikia kwa digidigi.

"HUYO SI MWANANGU! MWANANGU NI TUNU!"

Hondohondo mdomo wazi.

"Nani kati yenu anaijua sauti ya Tunu?" akauliza. "Wewe Kanga, unaijua? Wewe Mheshimiwa, unayemfahamu siku nyingi, Tunu anapenda nini? Kunazi unazotafuna ndizo alizoomba, na ndicho kitu pekee alichoomba tangu azaliwe! Nilimwahidi. Nikawapa nyinyi ahadi yake, kwa sababu niliogopa nyuso zenu. Leo nyuso zenu nimezitazama vizuri. Hazina cha kuogopesha."

Akalichukua bakuli la kunazi mbele ya Kiboko. Kiboko akalishika. Mama akalivuta. Kiboko akaliachia. Bi Digidigi akashuka mezani, kwato zimejaa asali, akaondoka nalo.

Mnadhani sherehe ilisimama? Wapi! Hawakungoja hata vumbi lake litulie. Ho-ho-hondo! Ngoma ikaendelea, wakala mkate, wakarudi makwao usiku wakisifiana. "Shughuli ilifana!" Mwenye siku hayupo, mama yake hayupo, na shughuli ilifana. Hilo ndilo linaloninyima usingizi mimi.

Bi Digidigi akaenda mbio. Alijua pa kwenda. Kwenye kichuguu akamkuta Tunu na mtoto wa Konokono, ambaye Tunu alimbeba mgongoni njia nzima. Wanatazama sisimizi. Tunu amejifuta majivu, amefanikiwa nusu. Mama akaweka bakuli chini. Kunazi zilizobaki zilikuwa chache, nyingine zimeng'atwa na Kiboko.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilikuahidi, nikawaogopa watu. Nisamehe nawe, Konokono."

Konokono akachukua kunazi moja. Tunu hakugusa bakuli. Akaendelea kutazama sisimizi. Mama akaogopa. Akafikiri, mwanangu hataniomba kitu tena maisha yake yote.

Kisha Tunu akasema, "Mama, ile kelele tuliyoisikia, ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu."

"Ulisema mbele ya watu wote?"

"Mbele ya wote, mwanangu. Juu ya meza."

Tunu akamsogelea, akaegemea ubavu wake.

"Naomba useme tena," akasema.

Bi Digidigi akavuta pumzi. Akapaza sauti mpaka sisimizi wakasimama njiani. "MWANANGU NI TUNU!"

Tunu, aliyekuwa anaogopa kelele, hakuziba masikio.

"Tena," akasema.

Basi, wakubwa, sina mafumbo, nasema wazi. Mtoto mkimya naye ana neno lake, na kwa kuwa halirudii, lishike linapotoka. Siku ya mtoto muulize mtoto, na ukishamwahidi, usigawe ahadi yake kwa majirani ili wakusifu. Sherehe asiyoitaka mwenyewe ni sherehe yenu, msimsingizie.

Hadithi yangu imeishia hapo. Hasira yangu bado.