Waya Mmoja wa Makorongoni

Hapo zamani, Ijumaa ya kwanza ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, saa nane na robo mchana, watu wa Makorongoni walitoka kuswali wakakuta kijitaa cha kijani kimewaka juu ya betri ya msikiti. Maana yake betri imeshiba. Hakikuwa kimewahi kuwaka hata siku moja. Watu wakasimama na viatu mkononi, wakakitazama kama wanavyoutazama mwezi mwandamo. Bi Siyawezi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mumewe, Mzee Shomari, alizikwa mwezi uliopita, na kijitaa kile ndicho alichokuwa akikingoja.

Basi sikilizeni ilivyokuwa.

Makorongoni hapakuwa na umeme. Nguzo zilifika barabara kuu, zikayaangalia makorongo, zikageuka zikarudi mjini. Mzee Shomari akasema, "Haziji? Basi tutaliomba jua." Akaanza kuokota paneli za sola zilizotupwa. Zahanati ikibadilisha paa, Mzee Shomari yuko nyuma na baiskeli. Duka likitupa paneli iliyofubaa, Mzee Shomari huyo na kamba yake. Nyingine aliibadilisha na beberu, na mkewe akamnunia.

"Mume wangu, beberu yule alikula majani. Hicho kioo kitakula nini?"

"Kitakula jua, mke wangu. Ngoja. Utasoma Yasini yako kwa taa nyeupe, uiache koroboi na moshi wake."

"Inshallah," akasema Bi Siyawezi, lakini kwa sauti ya mtu anayemridhisha mtoto.

Siku ya kuzifunga juu ya msikiti, majirani nao wakaleta walizonazo. Zikaja kubwa na ndogo, nyeusi na za bluu, nzima na zilizochujuka. Bi Chausiku, muuza pilipili, akaleta yake yenye ufa, ambayo siku zote aliifanya sinia la kuanikia pilipili.

Fundi Hamduni, ambaye pia ndiye kinyozi wa kijiji, akajikuna kichwa. "Wazee wangu, hizi si za rika moja. Niruhusuni nizifunge kwa makundi. Zenye nguvu peke yake, zilizochoka peke yake."

Wazee wakaja juu. "Makundi? Juu ya msikiti? Humu ndani tajiri na maskini wanasimama safu moja, bega kwa bega. Na hizo zisimame safu moja, waya mmoja, asijione mtu."

"Amina!" akasema Mzee Shomari, tena kwa nguvu kuliko wote.

Fundi alijua ni kosa. Lakini ndevu alizozinyoa zilikuwa za wazee hao hao, akanyamaza. Akazifunga safu moja, umeme upite kwa hii ndipo ufike kwa ile. Ikawa kama watu wanaopokezana ndoo za maji: mmoja akiwa mzito, wote wanamngoja yeye. Paneli nzuri zikaingoja yenye ufa. Magharibi ikaingia, taa ikawaka, ikapepesa, ikafa. Kesho yake ikawaka, ikapepesa, ikafa. Watoto wakampachika mzee jina, Mzee Pepesa. Yeye alicheka tu, "Itawaka." Kisha akaugua. Jioni aliyofariki, taa ya msikiti iliwaka, ikapepesa, ikafa.

Ikafika ile Ijumaa. Maulidi yamekaribia, kila mpika pilau anataka pilipili, na za Bi Chausiku zinaota ukungu. Asubuhi akaja akasimama chini ya ukuta wa msikiti. "Hamduni! Nishushie sinia langu! Taa zenyewe hamna, na pilipili zangu zinaoza!"

Fundi akapanda, akaitoa ile yenye ufa. Akatazama chini, hakuna mzee hata mmoja. Wote wako makwao wanaoga kwa ajili ya Ijumaa. Haraka haraka akazifungua zote, akazipanga kama alivyotaka siku ya kwanza. Zenye nguvu safu yake, zilizochoka safu yake, kila safu na njia yake ya kuingia kwenye betri. Saa nane na robo, kijani kikawaka.

Maalim Zubeiri, imamu, akanyanyua mkono. "Msikiti umeshiba, madrasa imeshiba. Fundi anasema umebaki umeme wa nyumba moja, wala si mbili. Waya uende kwa nani?"

"Kwangu!" akasema Bi Chausiku. "Mimi ndiye niliyeondoa kizuizi. Nataka taa nichambue pilipili bila kujitia machoni."

"Uliondoa kwa ajili ya pilipili, si kwa ajili yetu!" akadakia mmoja wa waliosimama.

"Na mvua inanyesha kwa ajili yako? Mbona unakinga ndoo?"

Watu wakacheka. Fundi akasogea. "Kwangu, Maalim, niweke mashine ya kunyolea. Angeondoa yake mimi nisizipange, mngepata robo tu ya umeme huu. Kazi ni yangu."

"Ulijua tangu mwanzo!" akafoka Bi Chausiku. "Ukatuacha tunapapasa gizani!"

"Ningesema mara ya pili, mngejitafutia kinyozi mwingine."

Bi Siyawezi alisubiri kelele zipungue. "Mimi sikuondoa, wala sikupanga," akasema polepole. "Namsemea aliyeleta. Bila yeye, kungekuwa na nini cha kuondoa? Kungekuwa na nini cha kupanga? Arobaini yake imekaribia. Aliniahidi taa nyeupe."

"Shoga yangu," akasema Bi Chausiku, safari hii kwa upole, "hata yeye aliitikia amina siku ya safu moja. Na taa, Mungu amrehemu, haihitaji tena."

"Aliitikia, kweli. Aliwajua watu kuliko alivyozijua paneli. Na taa haihitaji. Ninayeihitaji ni mimi, ninayemsomea Yasini nikiruka aya kwa sababu ya moshi wa koroboi."

Hapo hata Fundi Hamduni aliinamisha kichwa. Lakini hakuuachia waya. Ulikuwa umezungushwa begani mwake, nao unatosha kufika mlango mmoja tu.

Nanyi mlioketi hapa, Maalim anawangoja. Yuko aliyeleta na hakuona. Yuko aliyejua, akanyamaza, kisha akatengeneza. Yuko aliyefungua njia huku akiwaza pilipili. Je, waya uingie mlango wa nani?

Semezaneni, msigombane. Lakini kabla ya kujibu, inueni mikono kwanza. Ewe Mola, mrehemu Mzee Shomari na waliotutangulia wote. Mpanulie kaburi lake, ulitie nuru isiyopepesa, nuru isiyongoja betri. Amina.