Mwenye Mgongo

Hapo zamani, enzi ambazo harusi bila pembe ya nyati haikuwa harusi, palikuwa na mwanamke jina lake Riziki. Kazi yake ilikuwa kupiga pembe na kuimba. Akiigonga kwa kijiti chake, hata bibi mwenye magoti mabovu anasimama acheze. Aliipenda kazi ile, tusidanganyane. Aliipenda mno.

Mumewe, Kombo, alianguka mnazi, mkono mmoja ukafa. Ndugu zake wakamwambia Riziki, "Shemeji, njooni mle kwetu."

"Nile kwenu, kesho mnisimange? Mikono ninayo."

Alipomzaa Batuli, akanunua ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, kisha akamwacha mtoto nyumbani, akashika njia. Mdogo wake Somoe, aliyekuwa akipiga pembe pamoja naye, alikuwa na mtoto mchanga pia. Akatundika pembe yake ukutani, akamnyonyesha Batuli. Kombo hakuweza kumpakata mtoto kwa mkono mmoja, basi kila asubuhi Somoe alimfunga mtoto mgongoni kwa shemejiye, akakaza fundo. Kombo akaenda naye kisimani, akaenda naye sokoni, akaenda naye barazani. Wanaume wakamcheka.

"Mama Batuli, hujambo?"

"Sijambo, wanangu."

Riziki naye akaenda mji huu, akaenda mji ule. Anaimba watu wamemzunguka, lakini shughuli ikiisha kila mtu ana wake wa kurudi naye. Yeye hula ukoko wa pilau peke yake, katikati ya masufuria ya wenyewe, akimwaza mwanawe. Na akirudi nyumbani na kapu la mchele, Batuli hujificha nyuma ya baba.

"Baba, mgeni amekuja!"

Riziki hucheka pamoja na wengine. Kisha huingia jikoni, akalia.

Ukaja mwaka wa neema. Kombo akasema, "Mke wangu, mwaka huu tumeshiba. Kaa nasi." Akakaa. Akatwanga mpunga, na mchi wenyewe ukawa unapiga mdundo wa harusi. Mara watu wa mji wa mbali wakaja kumwita, akaondoka nao. Siku hiyo hakutolewa na shida. Alitolewa na hamu, na njia nzima alilijua hilo.

Batuli akakua, akaolewa. Sasa, ada ya mji ule ni hii: siku ya harusi, wakwe huleta ubeleko mpya kuwa shukrani ya malezi, shangazi wa bwana harusi akauliza mbele ya watu, "Mwenye mgongo ni nani?" Mama wa bibi harusi hujibu, "Ni mimi," akapewa, wimbo ukaimbwa. Riziki alikuwa ameuimba wimbo huo nyumba za watu hata koo likamkauka, na kila mara alijiona yeye ndiye anayejibu.

Shangazi akauliza, "Mwenye mgongo ni nani?"

Riziki akafungua kinywa. Akamtazama Batuli, akakifunga.

Kombo akasema, "Mgongo huu hapa. Mlinicheka, nami nikambeba."

Somoe akasema, "Shemeji, nani alikufungia fundo? Dada alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na maziwa. Pembe yangu ingali ukutani, imejaa utando wa buibui."

Ndipo Riziki akajibu. "Ubeleko wa kwanza niliununua mimi. Mlichokula, nilikileta mimi. Na kabla ya mgongo wa mtu yeyote, lilikuwepo tumbo langu." Akainama. "Kingine cha mwanangu sina."

Shangazi akashindwa. Akampa Batuli ile nguo. "Mpe unayemjua wewe."

Msiniambie aichane vipande, kwa maana kipande hakifungi mtoto. Na wimbo wa kukabidhi hapana mwimbaji wake hapa ila Riziki: akipewa ataimba, akinyimwa ataimba. Batuli amesimama, nguo i mkononi. Mama yake keshashika pembe, anamtazama.

Haya, ninyi mliokaa hapa. Je, mwenye mgongo ni nani?