Meli ya Kindamba na Viboko wa Kinamasi

Palikuwa na mtu, jina lake Kindamba, aliyemiliki meli ya moshi katika Mto Rufiji, enzi ambazo meli zilikwenda kwa kuni. Kila mwaka, kabla ya masika, aliwapelekea watu wa juu ya mto mbegu za mpunga, na watu hao hawakuwa na mbegu nyingine.

Njiani palikuwa na kinamasi kilichojaa matete, na kati ya matete mfereji mmoja wenye kina. Viboko waliupita kila jioni kwenda malishoni, na kila alfajiri waliupita kurudi. Kindamba naye aliupita, akimshukuru Mungu kwa njia iliyo wazi.

Siku moja kiboko akaigonga meli. Mama mjamzito akatumbukia majini, akaopolewa akiwa taabani. Kindamba hakuwa mtu katili. Sauti ya mama yule akizama haikumtoka masikioni. Akaajiri wenye bunduki, wakawaua viboko wote wa kinamasi. Abiria wakala nyama wakashiba, wakamtania: "Haya, nahodha, mto sasa wako peke yako! Nani tena wa kukubania njia?"

Mwaka wa pili matete yakaanza kusogeleana. Mwaka wa tatu, meli ikiwa imesheheni mbegu, ikakwama topeni.

Kindamba akamgeukia Mtulia, mshika upondo, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mbele na kupima kina. Akamfokea: "Mtulia! Miaka yote hii, leo ndiyo umeipoteza njia?"

Mtulia akauchomoa upondo matopeni. "Sikuipoteza, nahodha. Walioichimba tuliwala."

Wakashuka wote, nahodha akitangulia, wakayakata matete kwa mapanga na kulizoa tope kwa mikono. Kazi ambayo viboko waliifanya kwa kutembea tu, watu arobaini waliifanya siku tisa, wasifungue hata urefu wa meli mara mbili. Masika yakawakuta papo hapo. Mbegu zikaota ndani ya magunia, na kule juu ya mto mashamba yaliyokwisha kulimwa yakaota magugu.

Msimhukumu Kindamba kwa haraka, maana alitenda kwa huruma. Lakini wewe unayeomba leo aondolewe jirani anayekukwaza, je, umekwisha kuuliza ni nyayo za nani zilizoifungua njia unayoipita?