Kabati la Jumbe

“Kitabu kikichafuka na mtoto akimezwa, kipi kinafulika?” Siwazuri aliwauliza wazee barazani.

Jamani, katika mji wao aliyesoma au kusomewa ukurasa, mkubwa kwa mdogo, alirefuka shibiri. Na Zimwi lilimmeza kila asiyelifikia goti. Lakini vitabu vyote Jumbe, mkuu wa mji, alivifungia katika kabati la vioo.

Zimwi likaja, likawameza mapacha wa mfinyanzi. “Jumbe, tupe ufunguo!” watu wakalia.

“Kwa mikono hiyo? Mtavichafua.”

Likaja tena, likammeza bibi harusi. “Jumbe, ufunguo!”

“Mtavichafua!”

Mara ya tatu likammeza Mashavu, mdogo wake Siwazuri.

Siwazuri hakuomba tena. Alibeba mchi, akavunja vioo, akamsomea mamaye na watu wa mji kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, huku damu ya vidole vyake ikidondokea kurasa. Zimwi liliporudi liliwakuta wamelipita kimo, likatimua mbio. Mashavu hakurudi.

Jumbe akaja, akaigusa ile damu. “Si nilisema vitachafuka?”

Ngano yangu naitua hapa. Wewe uliyeshika ufunguo, tafadhali, fungua kabati.