Karatasi Zilizosema Kweli

Anayetaka kusikia asogee; asiyetaka azibe masikio, maana hii si tamu.

Zimwi lilikusanya shaba yote ya mji, likaifungia pangoni, likawapa watu karatasi badala yake. Ukiiuliza karatasi, "Kweli?" ilijibu yenyewe, "Kweli!" ndipo muuzaji akaipokea.

Lakini zimwi halikuacha kutoa karatasi. Mwanzo zilinguruma. Kisha, kadiri zilivyozidi kuwa nyingi, zikanong'ona, na wakubwa wa mji wakasema ni mafua tu, yatapita. Siku mama mmoja, Mashavu, alipoziuliza zake, huku mtoto wake akizimia kwa njaa, hazikujibu kabisa.

Akazipeleka hivyo hivyo kwa Bi Mwaka, jirani yake kipofu, aliyebakiwa na kibaba cha mtama na wajukuu wawili.

"Macho yalishaniaga, mwanangu, ila masikio ninayo," akasema bibi, akizipapasa. "Haya, nyie. Kweli?"

Kimya.

Mashavu akaziba mdomo kwa kanga. "Kweli!" akajibu, kwa sauti nyembamba isiyo yake.

"Alhamdulillahi." Bi Mwaka akammiminia mtama wote, akakung'uta na mfuko.

Mtoto wa Mashavu alipona. Kwa Bi Mwaka moshi haukuonekana tena.

Imeishia hapo. Ikikukwama kooni, usinitemee mimi.