Askari Waliotumwa Kusalimia

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kupika uji kila asubuhi, Mzee Tembo alikuwa chifu wa mitaa miwili. Mtaa wa Bwawani waliishi Bwana Kiboko, mkewe, na jirani yao Kifaru, basi. Mtaa wa Majabalini waliishi pimbi. Na pimbi hukaa ndani ya nyufa za mawe, kwa hiyo ukipita humwoni hata mmoja.

Kila baada ya mavuno, Mzee Tembo aligawa askari, nyani wanane wenye marungu. Aligawa kwa desturi ya tangu enzi za babu yake: wakazi wa mtaa walikanyaga chini kwa pamoja, naye akaweka mkonga ardhini asikilize. Bwawani walipokanyaga, ardhi ililia puu! Majabalini walipokanyaga, ilikuwa tip tip tip, kama manyunyu juu ya jani la mgomba.

"Bwawani wako wengi," alisema Mzee Tembo. "Wapewe saba. Majabalini mmoja."

Huyo mmoja alikuwa Sajini Nyani, mzee mwenye goti bovu. Kicheche mwizi alilijua sana goti hilo. Sajini akilinda huku, yeye aliiba mtama kule. Mwaka huo Bi Pimbi, mama wa watoto wengi, alikoroga uji mwepesi hata watoto wakaona nyuso zao ndani ya bakuli. Na mvua zilikuwa bado mbali.

"Si kosa lako, Sajini," alimwambia. "Mguu mmoja na nusu hauwezi kuzunguka jabali zima."

Siku ya mgao ilipokaribia, Bi Pimbi alikwenda Bwawani. Alimkuta Kiboko majini, na askari saba ukingoni wakitoana chawa. Akamwamkia kwa heshima, akasifu jinsi askari wake walivyonenepa. Kisha akasema kwa upole kwamba kwao kuna wanaodai askari hao hawawezi hata kuwasalimia wakazi wote wa Bwawani kwa asubuhi moja.

Kiboko akapiga chafya, maji yakaruka. "Askari wangu? Watamaliza kabla uji wenu haujapoa."

"Ndivyo nilivyowajibu, kaka. Lakini wanasema, kama una hakika, uahidi mbele ya chifu: wao wasalimie Bwawani, Sajini asalimie Majabalini, na askari watakaomaliza mapema wahamie kwa aliyechelewa, wamsaidie mwaka mzima."

"Naahidi. Huyo babu yenu mwenye goti atahitaji kubebwa." Kiboko alicheka mpaka masikio yakatikisika. Hakuuliza pimbi wako wangapi.

Siku ya mgao, barazani, Kiboko alirudia ahadi yake kwa sauti kubwa, na Mzee Tembo akaikubali. Salamu zikaanza, salamu kamili: hujambo, watoto hawajambo, shamba linaendeleaje. Bwawani askari walimsalimia Kiboko, mkewe na Kifaru, wakabaki wakitazamana.

"Tumeshinda," alisema Kiboko. Akawaongoza wote Majabalini wakamcheke Sajini.

Huko kila ufa ulikuwa ukitoa pimbi. Bibi, wajomba, mashangazi, vitukuu. Mtoto mmoja wa Bi Pimbi alitaka kuzunguka nyuma asalimiwe tena. Mama yake akamshika sikio.

"Hapana, mwanangu. Tuko wengi wa kutosha."

Jua lilifika utosini. Sauti ya Sajini ilikauka, akakaa juu ya jiwe, na mstari bado ulikuwa mrefu.

"Bi Pimbi," alisema Mzee Tembo polepole, "hawa wote walikuwa wapi mlipokanyaga?"

"Walikanyaga, Mzee. Ndio wale tip tip."

Mzee Tembo akainamisha mkonga kwa aibu. "Bwana Kiboko, uliahidi."

Kiboko alitafuta maji ya kujifichia, hakuyaona. "Wachukueni," alinong'ona. "Ila sisi tutabaki na nani?"

"Na Sajini," alisema Bi Pimbi. "Wakazi watatu, tena hamjifichi. Goti lake litapumzika."

Sajini ndiye aliyefurahi kuliko wote. Kicheche alikuta nyani kila upande wa jabali, akahama nchi. Na uji wa Bi Pimbi ukawa mzito, mwiko ukasimama wenyewe sufuriani.

Kwa hiyo, watoto, anayegawa walinzi ahesabu wanaolindwa, asipime kishindo chao.