Kiti cha Mbele cha Atupele

Hapo zamani, si zamani ya fisi kuongea bali zamani ya juzijuzi, palikuwa na mjane wa Makambako aitwaye Atupele, mwenye lori la viazi na ulimi usiojua breki. Ndani ya ekzosi ya lori lake mlikuwa na chujio la kunasa masizi ya dizeli. Chujio likaziba. Lori likawa kila likifika mlima wa Kitonga linakohoa, linasimama, na wenzake wanalipita wakipiga honi.

Siku moja, katikati ya soko, hasira zikampanda Atupele akasema, "Atakayelipandisha lori langu Kitonga bila kusimama, huyo ndiye mume wangu."

Watu wakacheka. Wanaume watatu hawakucheka.

Wa kwanza ni Sanga, mwoka mikate. Alilitia chujio kwenye tanuri lake, akachochea kuni kutwa nzima mpaka masizi yakaungua yakawa majivu. Mikate ya siku ile ilinuka dizeli, wateja wakamkimbia.

Wa pili ni Lutengano, fundi. Alilipuliza chujio kwa upepo wa kompresa, kutoka nyuma kwenda mbele, tundu kwa tundu, majivu yakamjaa mpaka kwenye nyusi.

Wa tatu ni Kyando, mtu wa kukagua kila kitu, hata chumvi ya mboga za watu. Alichomeka waya mwembamba kwenye matundu. Mengine waya ulizama wote, mengine ukakwama katikati.

"Halifungwi hili kwenye lori," akasema. "Rudieni."

Wakamtukana, wakarudia. Akachomeka waya, akasema, "Rudieni." Walipokaribia kumpiga ndipo waya ukazama kila tundu, akasema, "Haya, fungeni."

Atupele akashika usukani, wao wakapanda nyuma juu ya magunia ya viazi. Lori likapanda Kitonga bila kukohoa, bila kusimama. Kule juu akaegesha. Alifurahi, kisha akaogopa, maana soko zima lilimsikia. Tena alikuwa amechoka kula peke yake.

Wanaume walikwisha shuka wakafika kwenye mlango wa lori.

"Bi Atupele," akasema Sanga, "masizi yameungua kwenye tanuri langu. Nimepoteza wateja kwa ajili yako. Nimestahili mimi."

"Tanuri liliacha majivu," akasema Lutengano. "Yangebaki, chujio lingekuwa limeziba vilevile. Niliyatoa mimi, na hadi leo napiga chafya ya kijivu. Nimestahili mimi."

"Hawa wangelifunga likiwa safi nusu tu," akasema Kyando. "Ningenyamaza, saa hizi tungekuwa tumekwama kule chini. Nimestahili mimi."

"Wewe ulishika waya tu," akasema Lutengano.

"Na mdomo," akaongeza Sanga.

Atupele akawatazama. Mikate ya Sanga ni mitamu, ila hasara zake ameanza kuzihesabu mapema. Lutengano ni mchapakazi, ila shuka zitakoma. Kyando hadanganyi, lakini mtu wa "rudieni", siku ugali ukiwa laini atasemaje?

Basi ninyi mnaocheka, malori yanapiga honi nyuma, na Atupele amekwisha fungua mlango. Kiti cha mbele ni kimoja. Je, nani alistahili kukikalia, na akina nani warudi kwenye viazi?